Slashi Mbili za Mama Mdogo

Mimi ni mtu wa kufuta. Nalisema mapema ili tusije tukalaumiana mbele ya safari. Nikiona vijiko viwili mahali ambapo kimoja kingetosha, mkono unaniwasha. Nikisoma sentensi ya maneno kumi ambayo matano yangetosha, nakasirika kana kwamba mwandishi amepanda kitandani kwangu na viatu. Ugonjwa huu niliutoa kwa mama mdogo, aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita, na ambaye hajawahi kwenda kulala akaacha kikombe kichafu kwenye sinki. Tofauti yetu ni moja tu: yeye hutazama kwanza, ndipo afute. Mimi hufuta kwanza.

Kazi yangu ni kuandika programu, na kwa miaka saba nimekuwa mmoja wa watunzaji wa lugha fulani ya kompyuta. Kila lugha ya namna hiyo huja na maktaba yake sanifu, yaani rundo la kazi zilizokwisha kuandikwa na kujaribiwa, ili anayeitumia asilazimike kusaga unga kila anapotaka kupika. Watunzaji tuko kama ishirini, tumetawanyika huku na huko, wengi hatujawahi kuonana ana kwa ana, na kila mmoja ana kona yake. Mwingine anatunza tarehe, mwingine hesabu. Mimi natunza njia za faili, yale majina marefu yanayoiambia kompyuta faili iko kwenye diski gani, folda gani, ndani ya folda gani nyingine. Ni kazi isiyo na sifa, ikienda vizuri hakuna anayejua kwamba upo.

Katika kona yangu kulikuwa na kipande kimoja nilichokipenda kuliko vyote, kile kinachonyoosha njia. Watu huandika njia ovyo ovyo. Wanaweka nukta zisizo na maana, na kale kamstari kalikoinama tunakokaita slashi wanakaandika mara mbili au tatu kwa sababu kidole kimeteleza. Kipande changu kinapita na ufagio: nukta kinaziondoa, slashi mbili kinazifanya moja, na njia inatoka safi. Nilikirithi kwa mtunzaji aliyenitangulia, na mwanzoni mwake nilikuta mistari kumi na minne ya masharti yaliyopindana, haina hata neno moja la maelezo. Niliivumilia miaka sita. Mwaka wa saba, Jumamosi moja asubuhi, nikiwa na chai mkononi, nikaifuta. Majaribio yote yakapita.

Mwenzangu mmoja tunayemwita Ndevu, kwa sababu ndizo zinazojaa kwenye picha yake, aliniandikia: "Dada, una hakika hiyo mistari haikuwa na kazi?"

"Ilikuwa na kazi ya kunichefua," nikamjibu. "Sasa imestaafu."

Akacheka, akapitisha. Wahenga walikwisha sema ukiona vyaelea jua vimeundwa, lakini asubuhi ile sikuwa na habari na wahenga. Nilimaliza chai yangu, nikaosha kikombe.

Sasa niwaeleze habari za mama mdogo. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa msomaji. Sisemi msomaji wa kujisomea kitandani. Alisoma vitabu kwa sauti mbele ya kipaza sauti, katika chumba kidogo chenye kuta za sponji, ghorofa ya pili ya maktaba ya watu wasioona. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, iliyotulia, yenye subira ya kumngoja msikilizaji afike. Wasikilizaji walimwita Bibi Taratibu. Kulikuwa na opereta wa simu mstaafu, haoni tangu utotoni, ambaye kila Alhamisi alipiga simu maktaba kuuliza kama sura mpya ya Bibi Taratibu imetoka, na akiambiwa bado, alisema "haya" kwa huzuni ya mtu aliyenyimwa chakula.

Chumbani mle walikuwa na desturi yao. Kabla ya kuanza sura, msomaji hugonga meza kwa kifundo cha kidole mara mbili, na mhariri wa sauti akisikia anajua kwamba sura inaanzia hapo. Msomaji akikosea, haombi radhi wala hajielezi. Anagonga mara moja, anarudi mwanzo wa sentensi, anaisoma upya. Baadaye mhariri hukata ile iliyoharibika.

"Kugonga mara moja hakuna aibu," mama mdogo aliniambia nilipokuwa mtoto nikimngoja kwenye kiti cha nje. "Ni kusema tu, nimeona, narudia."

Desturi hiyo ilihamia nyumbani. Chakula kikiwa tayari, mama mdogo aligonga meza ya jikoni mara mbili. Nikimjibu kwa ukali, aligonga mara moja, nami nilijua natakiwa nirudi mwanzo wa sentensi niiseme kama mtu mwenye adabu. Mdomo wangu hauna breki, kwa hiyo meza yetu ilipata kazi.

Mwaka jana daktari alikuta uvimbe kooni mwake, akamwambia kwamba zoloto, kile kisanduku cha sauti, itabidi itolewe. Alimpa wiki chache za kujiandaa. Mwingine angejifungia ndani alie. Mama mdogo alikwenda kazini. Alichagua vitabu vitatu ambavyo siku zote alitaka kuwasomea wasikilizaji wake na hakupata nafasi, akavisoma asubuhi na mchana, siku saba za wiki, ili awaachie akiba. Mimi mwenyewe hakuniambia habari za upasuaji mpaka alipokaribia kumaliza cha tatu. Nilimfokea, nikalia, akagonga meza mara moja, nikaanza upya kwa sauti ya chini.

Sasa anapumua kwa tundu dogo shingoni, analolifunika kwa skafu, na anazungumza kwa kibao cheupe na kalamu ya wino unaofutika. Anaandika herufi kubwa tupu. Nadhani ni kwa sababu hapendi mtu amwombe arudie.

Alhamisi moja alasiri mkutubi mkuu wa maktaba ile alikuja nyumbani. Ni mwanamume mrefu, mpole, anayeketi kwenye ukingo wa kiti kana kwamba anaogopa kukichakaza. Alikunywa maji, akasifu maua dirishani, akakohoa.

"Dada," akamwambia mama mdogo, "zile sura tulizokuwa tukitoa kila wiki zimefika mwisho. Nimefungua folda kwenye seva ili nichukue zinazofuata. Hamna kitu. Kitabu cha kwanza kinaishia sura ya tisa. Cha pili na cha tatu havipo kabisa."

Mama mdogo aliandika: NILIHIFADHI ZOTE. SURA SABINI NA MOJA.

"Sikatai, dada. Ila..."

"Ila nini?" nikadakia mimi.

"Ila wakati ule alikuwa anaumwa, na dawa zile ni nzito. Mtu anaweza kudhani amebonyeza kuhifadhi, kumbe hakubonyeza. Hakuna anayemlaumu. Tumeshapata msomaji mwingine, atavisoma upya."

Mama mdogo akafuta kibao kwa kiganja, akaandika tena: KILA ASUBUHI NILISIKILIZA YA JANA. ZILIKUWEPO.

Mkutubi alisoma, kisha akainua macho akanitazama mimi badala ya yeye. Mtazamo ule wa watu wazima wakizungumza juu ya kichwa cha mtoto ulinipandisha damu.

"Kaka," nikamwambia, "huyu mama vitunguu tu anavipanga kwa ukubwa. Akisema amehifadhi, amehifadhi. Mmeangalia kompyuta ya chumba cha kurekodia?"

"Ile haihifadhi kitu. Kila kinachorekodiwa kinakwenda moja kwa moja kwenye seva, ndivyo fundi wa zamani alivyoipanga. Hata hivyo tumeshaiondoa. Iko stoo na zile nyingine za zamani, tunazipeleka shule ya msingi. Kesho saa nne fundi anakuja kuzifuta."

Akaaga, akamshika mama mdogo mkono kwa mikono miwili kama mtu anayetoa pole ya msiba. Mlango ulipofungwa mama mdogo aliketi akitazama kibao chake. Hakuwa na hasira. Alikuwa anajiuliza, na hilo ndilo lililoniuma. Nilimwona akianza kujishuku, mwanamke ambaye hajawahi kusahau hata siku ya kubadilisha mashuka.

"Mama mdogo," nikasema, "ulikuwa unahifadhi wapi hasa? Kulikuwa na jina lolote pale kwenye programu?"

Alitikisa kichwa kukubali. Jina lile lilibandikwa kwa karatasi chini ya skrini, naye alilitazama kila siku. Akaliandika bila kusita, herufi kwa herufi:

\\HAZINA\SAUTI\VITABU

Nikakivuta kibao. Kabla sijafikiri lolote, kidole gumba changu kilikwisha kwenda mwanzoni mwa mstari na kufuta slashi moja, maana zilikuwa mbili na moja ingetosha.

Mama mdogo aliudaka mkono wangu. Akachukua kalamu, akairudisha slashi niliyoifuta, akaikoleza wino. Kisha akanikazia macho na kugonga meza mara mbili, kwa nguvu: ko, ko. Mbili, si moja.

Nikakiachia kibao kama kitu cha moto.

Niwaeleze kwa nini. Slashi mbili zikiwa katikati ya njia ni uzembe wa kidole, zifute tu. Zikiwa mwanzoni ni jambo jingine. Njia inayoanza kwa slashi moja inaiambia kompyuta: anzia hapa hapa, kwenye diski yako mwenyewe. Inayoanza kwa slashi mbili inaiambia: toka nje, ingia kwenye mtandao, na jina linalofuata ni la kompyuta nyingine, mfuate huko. HAZINA ndiyo ilikuwa seva ya maktaba, yaani kompyuta kuu inayotunza faili zote. Ukifuta slashi ya kwanza, HAZINA haiwi tena jina la kompyuta iliyoko chumba kingine. Inakuwa folda ya kawaida ndani ya kompyuta uliyoikalia. Kama folda hiyo haipo, programu yenye adabu inaitengeneza kimya kimya, inaweka faili humo, na kuwasha taa ya kijani: imehifadhiwa. Ukitaka kusikiliza kesho yake kwenye kompyuta ile ile, inapita njia ile ile mbovu na kukupa faili lako, nawe unaridhika. Hakuna anayedanganya na hakuna anayelalamika. Ni seva tu inayobaki tupu.

Ile programu ya kurekodia iliandikwa kwa lugha yetu. Nilijua, nilikuwa nikijisifu kwayo. Mimi mwenyewe ndiye niliyeiweka kompyuta ya mama mdogo, ile ya chumba cha kurekodia, ijisasishe kila tunapotoa toleo jipya, ili apate mambo mazuri mapema.

Nilifungua kompyuta yangu palepale mezani, nikaandika njia yenye slashi mbili, nikaipitisha kwenye kipande changu nikipendacho. Ikatoka na moja. Nikarudia, kana kwamba huruma ingeiingia mashine. Ikatoka na moja. Nikaenda kutafuta ile mistari kumi na minne kwenye kumbukumbu za zamani, na safari hii nikaisoma badala ya kuikunjia uso. Yote, pamoja na kupindana kwake kote, ilikuwa inasema neno moja: zikiwa mbili mwanzoni, usiziguse.

Halafu nikakumbuka kitu kibaya zaidi. Miezi minne nyuma mtu nisiyemjua alituletea taarifa: "Tangu toleo jipya, faili ninazohifadhi kwenye mtandao zinapotea." Nilimjibu kwa mstari mmoja, "Si kosa la maktaba sanifu, kagua jina la folda yako," nikaifunga taarifa. Ilinichukua dakika moja. Nyani haoni kundule.

Nilimpigia mkutubi simu mara tano. Haikupatikana. Mama mdogo alikuwa akinitazama muda wote, mara mimi, mara kibao.

"Huenda zipo," nikamwambia. "Huenda zipo kwenye ile kompyuta. Kesho tuamke mapema." Zaidi ya hapo sikusema. Aligonga mara mbili kuniita nile, nami nikala kidogo, nikaosha vyombo ambavyo vilikwisha kuoshwa.

Saa mbili na nusu asubuhi tulikuwa mlangoni mwa maktaba. Mlinzi akatuambia fundi ameshaingia, alitaka kumaliza mapema. Mama mdogo hapandi ngazi haraka siku hizi, lakini stoo ilikuwa chini, mwisho wa ukumbi, na nilishangaa jinsi alivyoniacha nyuma.

Kompyuta kumi na mbili zilipangwa sakafuni safu mbili, zote za rangi moja ya kijivu, zote aina moja. Fundi, bwana mmoja mnene mwenye miwani aliyoipandisha kwenye paji la uso, alikuwa amechuchumaa katikati. Saba kati ya hizo alikwisha kuzibandika karatasi ya kijani.

"Ya chumba cha kurekodia ni ipi?" nikauliza, pumzi juu.

"Mama, mimi nimezikuta hivi hivi. Hazina majina."

"Za kijani ndizo umeshazifuta?"

"Ndiyo. Mbona, kuna nini?"

Mama mdogo hakungoja. Alipita kwenye safu ya kwanza akiinamisha kila kompyuta kidogo, anatazama chini yake, anairudisha. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote za kijani. Fundi akanitazama. Nikakumbuka: mama mdogo alikuwa amegundisha vipande vya kitambaa kizito chini ya miguu ya kompyuta yake, mabaki ya koti langu la shule, kwa sababu mtetemo wake ulikuwa ukisikika kwenye kipaza sauti. Alifika ya sita, ya saba. Mimi nilikuwa nazihesabu kwa sauti hata nikaona haya, maana yeye uso wake ulikuwa mtulivu kama anachagua nyanya sokoni.

Kwenye ya tisa alisimama. Akapapasa chini. Akagonga bati lake mara mbili.

Haikuwa na karatasi. Fundi, Mungu ambariki, hakuuliza tena swali, akaiunganisha na skrini na umeme. Ilichukua dakika nzima kuwaka. Nikafungua diski, na mle, kati ya folda za kawaida, ilikuwepo moja isiyostahili kuwepo: HAZINA. Ndani yake SAUTI. Ndani yake VITABU. Nikahesabu, nikahesabu tena. Sitini na mbili, na zile tisa za kwenye seva, sabini na moja.

Mama mdogo aliketi juu ya sanduku. Akanionyesha faili la mwisho, nikalifungua.

Ko, ko. "Sura ya ishirini na tatu." Sauti yake ikajaa stoo ile yenye vumbi, nzito kidogo, iliyotulia, ingawa sasa ilikuwa na mkwaruzo. Fundi akashusha miwani, akasimama wima. Alisoma ukurasa mmoja hivi. Kisha ko, akarudi mwanzo wa sentensi. Akaendelea kidogo. Ko. Sentensi ile ile. Ko. Sentensi ile ile, na safari hii sauti ilipasuka katikati yake. Tukamsikia akimeza mate. Halafu akasema kitu ambacho kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kukisema kwenye kipaza sauti: "Leo basi. Nitaimalizia kesho."

Kesho yake hiyo alikwenda hospitali kupasuliwa. Mama mdogo alichukua kibao, akaandika, akanionyesha: SABINI NA NUSU. NILIKOSEA HESABU. Mabega yake yakatikisika, na ikanichukua muda kujua kwamba anacheka. Mimi nililia wazi wazi, kamasi na yote.

Mkutubi alipofika na kuelezwa, alimwomba mama mdogo radhi kwa heshima zote, mara tatu. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe umetuokoa! Bila wewe hizi zilikuwa zimekwenda na maji. Ama kweli kusoma ni mali."

Nilipaswa kusema pale pale. Nilifungua mdomo, ule usio na breki, na kwa mara ya kwanza maishani breki zikashika. Nikatabasamu. Mama mdogo alikuwa akikunja waya wa skrini, hakuinua macho.

Jumamosi na Jumapili nilizitumia kurekebisha. Nilirudisha mistari kumi na minne kama nilivyoikuta, na juu yake nikaandika maelezo marefu kuliko yenyewe, ili mjuaji mwingine kama mimi asije akapita na ufagio. Nikaongeza majaribio ambayo yangenizuia mimi wa mwaka jana. Nilimwandikia Ndevu ukweli wote. Akajibu, "Karibu kwenye chama, dada. Mimi mwenyekiti." Niliifungua upya taarifa ya yule nisiyemjua, nikamwomba radhi na kumweleza mahali pa kutafuta. Alikuwa mpima ardhi, na michoro yake yote ilikuwa imekaa salama kwenye folda yenye jina la seva yake. Alinishukuru sana. Toleo jipya likatoka Jumapili alasiri. Kumwomba radhi mtu usiyemjua, tena kwa maandishi, si kazi ngumu. Mama mdogo alikuwa chumba cha pili anapiga pasi.

Jumatatu mkutubi alituita. Sura zilikuwa zimehamishiwa kwenye seva, na ya kumi ingetoka Alhamisi hiyo. Alitupandisha ghorofa ya pili, kwenye chumba cha sponji.

"Wasikilizaji wamekuwa wakiuliza kwa nini hadithi ilikatika," akaniambia. "Tuweke tangazo fupi kabla ya sura ya kumi. Wewe unayaelewa mambo haya, waeleze tu kwa lugha rahisi. Dakika moja inatosha."

Nikaketi mbele ya kipaza sauti. Mama mdogo akaketi ubavuni, mahali ambapo kwa miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kuketi, na kuweka mkono wake mezani. Mapajani alikuwa na kitabu cha tatu. Mkutubi alisimama mlangoni. Taa nyekundu ikawaka.

"Wasikilizaji wapenzi," nikasema, "sura za vitabu hivi zilichelewa kwa sababu ya hitilafu ya kiufundi."

Ko.

Nilimtazama. Alikuwa anatazama mbele, ukutani. Nikadhani sauti yangu haikutoka vizuri, nikarudi mwanzo wa sentensi.

"Sura za vitabu hivi zilichelewa kwa sababu kulitokea mabadiliko kwenye programu, na mabadiliko hayo..."

Ko.

Hapo nikaelewa. Alijua. Alijua tangu Alhamisi mezani, tangu aone kidole gumba changu kikienda kwenye slashi na uso wangu ukibadilika. Alinipa Ijumaa, akanipa Jumamosi, akanipa Jumapili.

"Sura zilichelewa," nikasema polepole, "kwa sababu mistari fulani muhimu ilifutwa bila..."

Ko. Si kwa ukali. Ilikuwa ile ile ya sikuzote, ya kifundo kimoja, isiyo na aibu ndani yake. Mkutubi alitaka kuingia aseme neno, mama mdogo akamwinulia kiganja.

Nikavuta pumzi. Taa nyekundu bado ilikuwa inawaka.

"Sura zilichelewa kwa sababu yangu," nikasema. "Nilifuta kitu nisichokielewa. Niliulizwa kama nina hakika, nikajibu kwa mzaha. Mtu mwingine alikuja kulalamika, nikamfungia mlango. Bibi Taratibu alihifadhi kila sura aliyowasomea, na alipotuambia hivyo watu walidhani ugonjwa umemchanganya. Hakuchanganyikiwa. Ni mimi niliyezipeleka mahali pasipo pao."

Nikangoja. Mkono wa mama mdogo ulikuwa juu ya meza, karibu na wangu, na haukuinuka.

Mama mdogo alikifungua kitabu kilichokuwa mapajani mwake, kwenye sura ya ishirini na tatu, ukurasa wa pili. Akakisogeza mbele yangu, akaweka kidole kwenye sentensi ile iliyomshinda.

Kisha akagonga mara mbili.